Mtandao wa biashara za mjini: anza na unachonunua

Mitandao mingi ya wafanyabiashara hufa ikiwa changa kwa sababu moja: kila aliyejiunga alikuja kutafuta wateja. Watu ishirini wamekaa ukumbini, kila mmoja ana cha kuuza, na hakuna aliyekuja na nia ya kununua. Kadi zinagawiwa, kundi la WhatsApp linafunguliwa, na wiki chache baadaye limebaki na salamu za asubuhi na matangazo ambayo hakuna anayeyajibu.

Hapa tunaanza upande wa pili, upande wa manunuzi. Anayejua pesa ya biashara yake inakwenda kwa nani kila mwezi tayari amewajua nusu ya watu anaowahitaji. Na ninaposema mtandao endelevu nina maana ya mambo mawili kwa pamoja: hautumii ovyo mali na nishati ya mji, na unaendelea kufanya kazi hata mwanzilishi wake akichoka au akihama.

Hatua ya 1: Fungua daftari la manunuzi

Kusanya ankara na stakabadhi za miezi mitatu. Mwezi mmoja hautoshi, kwa kuwa vitu vingine hununuliwa kwa msimu na gharama za matengenezo hazina ratiba. Chora safu nne: kitu ulichonunua, uliyemlipa, kiasi, na mahali pesa hiyo inapoishia. Safu ya nne ndiyo yenye kazi. Duka lililo mlango wa pili linaweza kuwa tawi la kampuni ambayo faida yake yote inakwenda nchi nyingine. Fundi wa mtaani naye, hata akitumia vipuri vilivyotoka mbali, ujira wake unabaki hapohapo.

Tofauti hiyo imewahi kupimwa. Mwaka 2004 kampuni ya Civic Economics ilichunguza eneo la Andersonville mjini Chicago, Marekani, ikalinganisha biashara za wenyeji na matawi ya kampuni kubwa. Katika kila dola 100 zilizotumika kwa wenyeji, dola 68 zilibaki kwenye uchumi wa jiji. Kwa matawi zilibaki 43. Chanzo cha pengo hilo si uzalendo wa mtu. Mwenye duka dogo anamlipa mhasibu wa jirani, anachapisha vipeperushi kwa mchapaji wa jirani, na faida anaitumia anapoishi. Tawi hupata huduma hizo zote kutoka makao makuu.

Tuchukue mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji. Akiulizwa ananunua nini, atataja karatasi na wino, na hivyo viwili huenda kweli havitengenezwi mjini kwake. Lakini akishuka chini ya orodha anakuta usafi, usafirishaji, ukarabati wa mashine, sare za wafanyakazi, mifuko ya kufungia kazi za wateja, ulinzi, uhasibu, rafu za stoo. Kila mstari ni mdogo, ila ukiijumlisha inashtua. Hiyo ndiyo mistari inayoweza kuhamishwa.

Weka alama kwenye kila mstari: kinachopatikana mjini leo, kinachoweza kupatikana kama kuna atakayekubali kukizalisha, na kisichowezekana. Usijidanganye kwenye kundi la tatu. Mtandao unaolazimisha wanachama wake kununua kitu kibovu au cha bei ya kuumiza eti kwa kuwa ni cha nyumbani huwapoteza wanachama wazuri kwanza.

Hatua ya 2: Tafuta watu wachache wa fani tofauti

Saba hadi kumi na wawili wanatosha kuanzia. Wakipungua hapo, mzunguko unakatika mmoja akiugua. Wakizidi sana, utatumia muda kuitisha vikao badala ya kufanya biashara.

Kishawishi kikubwa ni kuwachukua marafiki. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba taarifa mpya, kwa mfano habari za nafasi za kazi, mara nyingi hutufikia kupitia watu tunaofahamiana nao kijuujuu, kwa sababu marafiki wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua. Kwa mtandao wako maana yake ni kwamba marafiki zako wanaijua biashara yako na wewe unaijua ya kwao. Kama kulikuwa na dili baina yenu, mngeshalifanya. Tafuta watu wanaoingia kwenye biashara nyingi kwa kazi zao: mhasibu wa kujitegemea, msafirishaji wa mizigo midogo, fundi umeme, anayekusanya taka za viwandani. Dereva wa kusambaza bidhaa anajua nani ana stoo iliyojaa, nani amepunguza oda na nani anamkimbia mdai wake. Mwalike mapema.

Kabla hujamkaribisha mtu, waulize wanaomuuzia swali moja tu: analipa kwa wakati? Ucheshi, elimu, ofisi nzuri, vyote hivyo havimsaidii mwanachama mwenzake anayesubiri malipo.

Na wapinzani wako? Wawili wa fani moja wanaweza kukaa vizuri, hasa kama mmoja akizidiwa na kazi humgawia mwenzake. Wanne wa fani moja katika kundi la kumi ni ugomvi unaosubiri siku.

Hatua ya 3: Tembeleaneni, na muangalie kinachotupwa

Kikao cha kwanza kisifanyike ukumbini. Kifanyike karakana kwa mmoja wenu, cha pili kwa mwingine. Mtu akielezea biashara yake kwa mdomo huelezea anachouza; ukiingia ndani unaona mengine yote: mashine inayolala saa sita kwa siku, gari linalorudi tupu, chumba kisichotumika, na rundo la mabaki nyuma ya jengo.

Rundo hilo lipe muda. Mji mdogo wa Kalundborg nchini Denmark umekuwa darasa la dunia kwa jambo hili. Maji ya ardhini hayakutosha, kwa hiyo mwaka 1961 kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kuvuta maji kutoka Ziwa Tissø. Mwaka 1972 kiwanda hichohicho kikaanza kuuza gesi yake ya ziada kwa jirani anayetengeneza mbao za jasi. Baadaye kituo cha umeme kikauza mvuke wake, na majivu na jasi vikapata wanunuzi. Hapakuwa na mpango mkuu wa mji wala kamati ya mazingira iliyoketi kuubuni mfumo huo. Kila uhusiano ulikuwa mkataba wa pande mbili zilizoona faida. Wenyewe walikuja kutambua baadaye kwamba walikuwa wamejenga mtandao.

Kwa biashara ndogo hesabu ni hiyohiyo kwa kipimo kingine. Seremala analipa kuondolewa vumbi la mbao na vipande vifupi. Mwenzake anatafuta cha kujazia maboksi au cha kuwashia tanuri. Fundi nguo ana vipande vya kitambaa. Mwenye gereji ananunua matambara ya kufutia grisi. Kabla ya kukubaliana, ulizeni mambo matatu: mabaki yanatoka kwa kiasi gani kwa wiki na kwa uhakika gani, ni safi kiasi gani, na nani anayebeba gharama ya kuyasafirisha. Mabadilishano mengi ya taka hufia kwenye hilo la usafiri. Mzigo wenye thamani ndogo hauvumilii safari ndefu, na ndiyo sababu mji, wenye watu waliokaa karibukaribu, ni mahali pake hasa.

Hatua ya 4: Fanyeni biashara kabla ya kuandika katiba

Wengi hupinga hatua hii kwa sababu wamezoea kuanza na usajili, nembo na mwenyekiti. Mimi naona katiba inayoandikwa kabla ya muamala wa kwanza inatatua matatizo ya kubuni na kuyaacha ya kweli.

Kila mwanachama achague mstari mmoja kwenye daftari lake, mdogo, ambao kuharibika kwake hakutamuumiza, auhamishie kwa mwanachama mwenzake kwa miezi miwili. Oda iandikwe, hata kama ni mistari mitano kwenye simu: kitu gani, cha ubora gani (piga picha ya sampuli mliyokubaliana), kiasi gani, lini, bei gani, na kikija na kasoro nani anarudisha kwa gharama ya nani. Baada ya miezi miwili kaeni mzungumze waziwazi. Nani alichelewa? Nani alileta pungufu? Bei ya nani ilikuwa juu kuliko ya nje, na ni kwa sababu ya uchache wa oda au ya tamaa?

Kama ni uchache wa oda, mmepata kazi ya kwanza ya mtandao: kuunganisha oda. Watu watano wanaonunua sabuni ya usafi kila mmoja kivyake wakinunua pamoja, mzalishaji mdogo anapata oda ya kumwezesha kununua malighafi kwa jumla.

Hatua ya 5: Panga malipo, tena mapema

Hapa ndipo penye uhai au kifo cha mtandao. Biashara ndogo inaweza kuwa na faida kwenye karatasi na bado ikafunga, kwa sababu fedha zake zote ziko mikononi mwa wadaiwa. Mali kauli ni jambo la kawaida, lakini ndani ya mtandao inakuja na aibu: mdai anaona haya kumsumbua mtu atakayekutana naye kikaoni Alhamisi, na deni linalala.

Ondoeni aibu hiyo kwa kanuni. Kikomo cha siku za kulipa kiwe kimoja kwa wote, kwa mfano siku 14, na anayefuatilia asiwe mdai mwenyewe bali mtunza daftari wa mtandao. Ujumbe wa kukumbusha utoke siku ya 12 kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Kama hamna mtu wa kufanya kazi hiyo kwa uaminifu, basi uzianeni kwa fedha taslimu tu. Waanzilishi wa duka la ushirika la Rochdale, Uingereza, mwaka 1844 walifanya hivyo: walikataa kukopesha, na ushirika wao ukawa mfano kwa dunia nzima.

Njia ya tatu inafaa kwa mtandao uliokomaa: mikopo ya kubadilishana, ambapo wanachama hulipana kwa kuandikiana kwenye daftari la pamoja. Nchini Uswisi mfumo wa WIR ulianzishwa mwaka 1934, katikati ya mdororo wa uchumi, wakati kazi ipo na watu wapo lakini fedha za mkononi zimekauka. Bado upo hadi leo, ukiwa benki. Kisiwani Sardinia, Italia, mfumo wa Sardex ulianza mwaka 2010 baada ya msukosuko wa fedha, kipimo kimoja cha Sardex kikihesabiwa sawa na yuro moja na bila riba.

Tazama unavyokwenda. Wote wanaanza na sifuri. Seremala anachapisha katalogi ya 400 kwa mchapaji: seremala anasoma -400, mchapaji +400. Mchapaji anamlipa msafishaji 150: mchapaji anabaki +250, msafishaji anapata +150. Msafishaji anaagiza rafu za 150 kwa seremala: msafishaji anarudi sifuri, seremala anapanda hadi -250. Kazi ya thamani ya 700 imefanyika na hakuna aliyetoa noti mfukoni. Jumla ya daftari ni sifuri siku zote. Isipokuwa sifuri, kuna aliyekosea kuandika.

Watu huogopa anayekwenda chini kwenye hasi, na ni sawa kumwekea kikomo. Lakini hatari isiyosemwa ni ya anayepanda. Msambazaji wa jumla ambaye kila mtu anamlipa kwa daftari, naye hana cha kununua ndani, atajikuta na maelfu asiyoweza kuyatumia, na siku moja atakataa kuyapokea. Akikataa yeye, wengine hufuata. Kwa hiyo wekeni kikomo cha juu pia, na mtunza daftari awe na kazi ya kumtafutia mtu huyo pa kutumia. Tatizo hilohilo huzisumbua fedha za karatasi za mji, yaani zile zinazotumika ndani ya mji mmoja tu. Pauni ya Bristol, Uingereza, ilizinduliwa mwaka 2012 kwa shangwe kubwa kiasi kwamba meya wa wakati huo, George Ferguson, alipokea mshahara wake wote kwa fedha hiyo, lakini haikumaliza miaka kumi. Fedha inayopokelewa kaunta bila njia ya kuendelea kwa muuzaji wa jumla husimama hapo.

Jambo moja la kisheria: kodi hudaiwa hata kwa muamala wa daftari, na mamlaka za kodi hutaka sarafu ya nchi. Kila mwanachama ahakikishe sehemu ya mauzo yake inaingia kwa fedha halisi, na mhasibu aulizwe kabla mfumo haujaanza.

Hatua ya 6: Zifuate taasisi zisizohama

Hospitali, chuo kikuu, manispaa, shirika la nyumba: hizi hazifungi na kwenda mji mwingine, na manunuzi yao ni makubwa kuliko yenu wote mkiunganishwa. Mji wa Preston, Uingereza, ulipopoteza mradi wake mkubwa wa maduka mwaka 2011, baraza lake liligeukia taasisi zilizokuwa pale tayari likazishawishi zichunguze zinanunua kwa nani. Mwaka wa fedha 2012/13 ni asilimia 5 tu ya manunuzi ya taasisi hizo iliyokwenda kwa biashara za Preston. Kufikia 2016/17 ilikuwa asilimia 18.2. Katika kaunti nzima ya Lancashire ilipanda kutoka asilimia 39 hadi 79.2. Mjini Cleveland, Marekani, njia ilikuwa nyingine: hospitali na chuo kikuu waliunga mkono kuanzishwa kwa vyama vya ushirika vya Evergreen vinavyomilikiwa na wafanyakazi, kikiwemo cha kufua nguo, na mwaka 2018 Evergreen ilikabidhiwa kuendesha kiwanda cha kufulia cha hospitali ya Cleveland Clinic.

Msiende na barua ya kuomba kusaidiwa. Nendeni kwa afisa manunuzi mkiwa na maswali: ni zabuni zipi zinaisha muda mwaka huu, kwa nini zimefungwa kwa ukubwa ule, na je, zinaweza kugawanywa? Zabuni moja ya usafi wa majengo kumi inamfaa mzabuni mmoja mkubwa; ikivunjwa kwa jengo moja moja, mwanachama wenu anaingia. Muulizeni pia siku zake za kulipa. Taasisi inayolipa baada ya siku 90 inaweza kumuua mzalishaji mdogo kwa oda nono, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kusherehekea.

Hatua ya 7: Kanuni chache, zenye meno

Sasa ndiyo wakati wa katiba, na ikizidi kurasa mbili mmezidisha. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alichunguza jamii zinazosimamia mali ya pamoja kama misitu, uvuvi na mifereji ya umwagiliaji. Zilizodumu zilikuwa na mipaka ya wazi kuhusu nani yumo, ufuatiliaji unaofanywa na wanachama wenyewe, adhabu zinazopanda ngazi kwa ngazi, na njia ya haraka na nafuu ya kumaliza ugomvi.

Kwenu inaweza kuwa hivi: kuchelewa kulipa mara ya kwanza ni ukumbusho, mara ya pili, unanunua kwa taslimu tu kwa miezi mitatu, mara ya tatu, unatoka. Ugomvi wa oda usikilizwe na wanachama wawili wasiohusika, ndani ya wiki moja, palepale bidhaa ilipo. Uratibu uzunguke, na daftari lisikae kwa mratibu.

Msipange bei ya kuuzia wateja wa nje kwa pamoja. Katika nchi nyingi hilo ni kosa la sheria ya ushindani, hata kwa biashara ndogo na hata kama lilisemwa kwa utani kikaoni. Kununua pamoja na kukubaliana bei za kuuza ni mambo mawili tofauti, lakini hata ununuzi wa pamoja muulizieni mwanasheria mkianza kuwa wakubwa.

Hatua ya 8: Pimeni mara moja kwa mwaka

Idadi ya wanachama haisemi lolote. Tumieni kipimo cha LM3, kilichotengenezwa na taasisi ya New Economics Foundation ya London, ambacho hufuata fedha kwa mizunguko mitatu. Kwanza kubalianeni “mjini” ni mpaka upi na msiubadilishe. Kisha chukueni mapato ya biashara moja, tuseme 1,000. Kati ya hizo, 600 zililipwa kwa wafanyakazi na biashara za mjini. Waliolipwa hizo 600 nao wakatumia 240 mjini. Jumlisha: 1,840. Gawanya kwa 1,000, unapata 1.84. Kiwango cha chini kabisa ni 1, fedha yote ikitoka mara moja. Cha juu ni 3, isipotoka hata senti.

Kupata mzunguko wa tatu ni kazi, kwa sababu inabidi kuwauliza wauzaji na wafanyakazi wenu wanatumia wapi. Fomu fupi isiyo na majina inatosha. Pembeni ya namba hiyo wekeni nyingine mbili za mazingira ambazo ni rahisi kuhesabu: kilo za mabaki yaliyopata mnunuzi, na safari za gari zilizoepukwa kwa kuunganisha mizigo.

Mkishapata matokeo, rudini kwenye madaftari ya hatua ya kwanza mtazame lile kundi la pili, vitu ambavyo vingepatikana kama kungekuwa na wa kuvizalisha. Jumlisheni mahitaji ya wanachama wote kwa kila kitu. Pale jumla inapofikia oda ya kila mwezi inayoweza kumlipa mtu mmoja mshahara, andikeni ahadi ya kununua ya miezi sita, kila mwanachama atie sahihi kiasi chake, na karatasi hiyo apewe kijana fundi au kikundi kinachotafuta pa kuanzia. Kwa ahadi hiyo anaweza kwenda kuomba mkopo wa mashine akiwa na oda mkononi.